Kuku wa bangoni na kuku wa sahani: Je, vyakula vya haraka hutimiza ahadi ya matangazo?

UKISHUKA katika soko la Mukuyuni, kwenye vilima vya Kaiti katika Kaunti ya Makueni, hutakosa kumwona mwanabodaboda anayesubiri abiria, na karibu naye muuza vibanzi aliyesimama nyuma ya kabati lake la kioo. Ndani ya kabati hilo balbu moja huwaka mchana kutwa ili chakula kisipoe. Ukutani, nyuma ya muuzaji, mchoraji amechora kuku mzima aliyekaangwa, mwekundu na mnono kuliko kuku yeyote aliyewahi kukatiza barabara ya hapa.

Jina la soko lenyewe latokana na mkuyu, mti ambao Wakamba na Waswahili huuita kwa neno lile lile. Mnunuzi wa zamani aliyefika chini ya mkuyu kutafuta chakula alikiona kwanza, akakishika, akakinusa, kisha ndipo akauliza bei. Siku hizi mambo yamegeuka. Mtoto wa Mukuyuni humjua kuku wa kampuni za kigeni miaka mingi kabla hajamwonja. Amemwona kwenye runinga ya hoteli, kwenye simu ya kaka yake na kwenye mabango yaliyosimikwa kandokando ya barabara kuu ya Mombasa, siku alipopelekwa Nairobi kumwamkia shangazi. Picha hutangulia, chakula hufuata, na pesa hutoka katikati.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kumpeleka mpwa wake katika mkahawa mmoja wa jijini ambao hatutautaja. Kijana alikuwa amefanya vyema katika mtihani na ahadi ilikuwa imetolewa tangu muhula wa kwanza. Alichagua baga iliyokuwa kwenye bango juu ya kaunta, ile iliyofura kama mto wa kulalia, na majani ya letasi yakichungulia kila upande. Baada ya dakika chache aliletewa kisanduku. Akakifungua, akainua mkate kwa kidole, akatazama chini, kisha akatazama juu kwenye bango. "Mjomba," akaniuliza, "ile nyingine wanaileta saa ngapi?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nauli ya watu wawili, mlo wenyewe na nusu siku ya kazi vilikuwa vimekwisha kutumika. Swali lake hata hivyo lastahili kujibiwa, kwa maana linaulizwa kila siku na watu walioweka akiba ili wale kile walichokiona pichani.

Picha hutengenezwa namna gani?

Wengi hudhani kwamba chakula cha tangazo ni cha bandia. Zamani dhana hiyo haikuwa mbali na ukweli. Mwishoni mwa miaka ya sitini nchini Marekani, watengenezaji wa matangazo ya supu ya Campbell walitia gololi za kioo chini ya bakuli ili mboga zielee juu na supu ionekane nzito. Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliingilia kati, na kampuni hiyo ikakubali kuachana na mbinu hiyo mwaka 1970.

Siku hizi mbinu ni za kistaarabu zaidi. Mnamo mwaka 2012, tawi la McDonald's nchini Canada lilitoa filamu fupi kumjibu mteja aliyetaka kujua kwa nini baga ya tangazo haifanani na ile aliyouziwa. Mkurugenzi wa mauzo alinunua baga dukani, ikaandaliwa kwa takriban dakika moja, kisha akaipeleka studio na kuiweka kando ya nyingine iliyoandaliwa kwa ajili ya kamera. Hiyo ya pili ilichukua saa kadhaa. Viungo vilikuwa vile vile, lakini fundi wa chakula alivisogeza vyote hadi ukingoni upande unaoelekea kamera: vitunguu, achari, jibini na mchuzi, ambao ulidondoshwa tone kwa tone. Upande wa nyuma haukuonekana, hivyo haukuhitaji kitu. Hatimaye picha ilirekebishwa kwa kompyuta.

Filamu hiyo ilifichua jambo jingine ambalo mama yeyote anayefunika chapati kwa kitambaa analijua. Mkate ukifungiwa kisanduku ungali moto, mvuke huulainisha na kuunyweza. Kwa hivyo hata baga iliyoandaliwa kwa uangalifu hufika mezani ikiwa imepungua kimo. Haikuwa lazima mtu aibe kitu.

Nyama nayo hupungua. Ukisoma kwamba baga fulani ina robo ratili ya nyama, yaani takriban gramu 113, jua kwamba huo ni uzani wa nyama mbichi. Maji na mafuta hutoka inapochomwa. Maelezo hayo huandikwa, lakini kwa herufi ndogo zinazohitaji miwani, na mwenye njaa hasomi herufi ndogo.

Mahakama zasemaje?

Kesi za aina hii zimefika mbali. Mwaka 2010 mamlaka inayosimamia viwango vya matangazo nchini Uingereza ilipiga marufuku tangazo moja la runinga la Burger King kuhusu baga ya kuku. Wakaguzi walinunua baga tatu za aina hiyo, wakazipima, wakaziweka mikononi mwa mtu na kuona kwamba hazikulingana na ile ya kwenye runinga, ambayo ilijaza viganja vya mwigizaji. Uamuzi ulikuwa kwamba mtazamaji angepotoshwa kuhusu ukubwa.

Marekani hali ni ya mseto. Mnamo Agosti 2023 jaji mmoja wa jimbo la Florida alikataa kutupilia mbali madai yote ya wateja waliosema kwamba Burger King huionyesha baga yake mashuhuri ikiwa kubwa kwa asilimia 35 kuliko ilivyo. Aliruhusu madai yanayohusu mabango ya bei yaliyo ndani ya maduka yaendelee, ila yale ya runinga na mtandaoni akayakataa. Mwezi uliofuata, jaji wa Brooklyn, New York, alitupa kesi iliyofanana na hiyo dhidi ya McDonald's na Wendy's. Walalamishi walikuwa wamedai kwamba nyama iliyopigwa picha haikuwa imeiva sawasawa, kwa kuwa nyama isiyoiva hainywei. Jaji alisema kwamba kuipamba bidhaa ili ivutie ni desturi ya wafanyabiashara wote, na kwamba uzani wa chakula ulikuwa umeelezwa wazi kwenye tovuti za kampuni hizo.

Ukiyatazama maamuzi hayo kwa pamoja, waweza kuuona mpaka ambao waamuzi hao wanautafuta. Kupamba kwaruhusiwa. Kutaja kipimo, au kukionyesha waziwazi, kisha usikitimize, ni jambo jingine. Nami nakiri kwamba jibu la jaji wa Brooklyn halijaniridhisha. Mtu aliyesimama kwenye foleni, mtoto akimvuta mkono, hawezi kutarajiwa kufungua tovuti ili ajue uzani wa nyama.

Kenya ina msingi imara kuliko wengi wanavyofahamu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidike nazo, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro zake. Kisha kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kumlinda mnunuzi na kuhakikisha matangazo ni ya haki, ya kweli na yenye staha. Sheria ya Kuwalinda Wanunuzi ilifuata mwaka 2012. Kabla yake kulikuwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, ambayo inaharamisha madai ya uongo au ya kupotosha kuhusu bidhaa. Hata Sura ya 254 ya sheria zetu, ya tangu miaka ya sitini, inamwadhibu anayetangaza chakula kwa namna ya kudanganya kuhusu ubora au thamani yake.

Sheria basi ipo. Ila ni nani atakayefunga safari hadi afisi za Mamlaka ya Ushindani jijini Nairobi kwa sababu ya jani la letasi? Hasara ya mtu mmoja ni ndogo mno kuigharamia kesi, na faida ya kampuni yatokana na wengi waliopata hasara hiyo ndogo.

Vibanzi vilipoisha

Tukio lililowafungua Wakenya macho halikuhusu picha wala ukubwa. Mwanzoni mwa Januari 2022, kampuni ya KFC, ambayo ilifungua duka lake la kwanza Nairobi mwaka 2011, iliwatangazia wateja kwamba vibanzi vimeisha. Ujumbe wake mtandaoni ulikuwa wa bashasha: eti wateja wamevipenda vibanzi kupita kiasi hadi vikamalizika. Waliokuwa na hamu waliambiwa wachague kitu kingine badala yake, ugali ukiwemo.

Haukupita muda ukweli ukajulikana. Vibanzi hivyo vilikuwa vikiagizwa kutoka Misri, vikiwa vimekwisha kukatwa na kugandishwa, na meli zilikuwa zimechelewa kutokana na msukosuko wa uchukuzi uliosababishwa na janga la Covid-19. Mkuu wa kampuni hiyo katika Afrika Mashariki alieleza kwamba hawangeweza kununua viazi vya hapa kuziba pengo, kwa kuwa kila mwenye kuwauzia lazima kwanza apitie ukaguzi wa ubora wa kampuni hiyo wa kimataifa.

Hasira zilizolipuka hazikuwa za mchezo. Viazi ndilo zao la chakula la pili kwa umuhimu nchini baada ya mahindi. Nyandarua, Meru, Nakuru na Elgeyo Marakwet huvivuna kwa wingi, na wakulima wake wamezoea kupunjwa na madalali wanaojaza magunia hadi yavimbe kilemba kwa bei ya gunia moja, ingawa kanuni za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Watu wa kaunti hizo walipoambiwa kwamba kibanzi cha Nairobi chatoka ng'ambo, wito wa kuisusia kampuni hiyo ulienea mtandaoni. Baada ya mazungumzo na wadau wa sekta ya viazi, kampuni ikatangaza kwamba ingeanza kutafuta viazi vya wakulima wa humu nchini.

Ni haki kuieleza hoja ya kampuni. Kiazi si kiazi tu. Kikiwekwa kwenye baridi, wanga wake huanza kugeuka sukari, na sukari hiyo ikikutana na mafuta moto kibanzi huwa cheusi na chenye ladha chungu. Aina ya Shangi inayopendwa na wakulima wetu hukomaa mapema na huiva upesi, lakini huchipua haraka baada ya kuvunwa, kwa hivyo haikai ghalani. Kiwanda cha vibanzi hutaka viazi virefu vyenye maji machache, vya aina moja, mwaka mzima. Huvikata, huvichovya katika maji moto, huvikausha, huvikaanga nusu, kisha huvigandisha hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Mfanyakazi wa mkahawa hubakiwa na kazi ya kuvitumbukiza katika mafuta kwa dakika chache.

Hapo ndipo tunapoiona ahadi ambayo kampuni hizi huitimiza kwa kweli. Sahani ya Nairobi, ya Kampala na ya Johannesburg hulenga kuwa sawa, leo na mwakani. Mteja hatashangazwa kwa uzuri wala kwa ubaya. Kwa mtu aliyewahi kuumwa tumbo safarini, hilo si jambo dogo. Tatizo ni kwamba bango halisemi hivyo. Bango huonyesha kitu kilichotoka shambani na jikoni sasa hivi, chenye umande na mvuke. Usawa ule hupatikana kwa njia iliyo kinyume cha picha hiyo: kiwanda, barafu na meli. Chakula kinachoitwa cha haraka kilikuwa kimekwisha kusafiri kwa wiki kadhaa. Haraka ni ya yule anayekitoa kwenye jokofu.

Hivyo, mtu akiniuliza ni wapi tangazo lilipowapotosha Wakenya mwaka ule, sitataja bango la baga. Nitautaja ule ujumbe wa bashasha. Kila neno lake laweza kutetewa, kwani ni kweli vibanzi vilipendwa na ni kweli viliisha. Ila mteja aliachwa aamini kwamba shida ilikuwa ulafi wake, wala si meli.

Kuku ana hadithi yake pia. Kwa mkazi wa Ukambani neno kuku lina maana ya yule anayechakura uani miezi mitano au sita kabla ya kuchinjwa, mwenye mifupa migumu na mchuzi usiohitaji viungo. Kuku wa mikahawa ya haraka ni wa nyama, aliyefugwa bandani na kuchinjwa akiwa na wiki tano au sita hivi. Nyama yake laini hupewa ladha na unga, chumvi na viungo vya kukaangia. Hakuna tangazo linalosema uongo kwa kumwita kuku. Hata hivyo mzee wa Mukuyuni akionjeshwa, husema ni chakula kizuri, kisha huuliza ni nyama gani.

Kibanda chetu je?

Waswahili walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa kigezo hicho muuza vibanzi wa Mukuyuni angeshinda bila kupingwa. Ukimtoa yule kuku wa ukutani, hana tangazo. Viazi vyake unaviona vikimenywa, vingali na udongo. Ukitaka viongezwe, unamwambia, naye huongeza viwili vitatu kwa sababu anakujua na kesho mtaonana.

Lakini nisimsifu kupita kiasi. Kuna kitu kimoja katika kibanda ambacho macho hayakifikii, nacho ni asili ya mafuta. Mwaka 2014 vyombo vya habari vya kimataifa viliangazia wizi wa mafuta ya transfoma za umeme nchini, ambayo ilisemekana huuzwa kwa wakaangaji wa vibanzi wa barabarani kwa sababu huchelewa kuisha na kuharibika. Mafuta hayo yametengenezwa kupoza mitambo. Baadhi ya transfoma za zamani huwa na kemikali zenye sumu zinazohusishwa na saratani. Wengi wa wauzaji ni watu waaminifu na ni dhuluma kuwatia wote kapu moja, lakini mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha kwa kutazama kabati la kioo.

Hata mafuta halali hufikia kikomo. Yakikaangiwa siku baada ya siku huwa meusi na mazito, hutoa povu, na hufuka moshi kabla hayajapata moto wa kutosha. Vibanzi vilivyokaangwa humo hulainika, hunata vidoleni, na huacha ladha kali kooni. Hizo ni dalili ambazo mnunuzi aweza kuziona mwenyewe. Katika mikahawa mikubwa mafuta yako nyuma ya ukuta, na huna budi kuamini kwamba kanuni za kampuni zimefuatwa.

Jambo ambalo bango la jiji na ukuta wa Mukuyuni huliacha kwa pamoja ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai. Kuku wa unga, vibanzi na mchuzi wa tomato vyaweza kumaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa mlo mmoja, nayo soda haihesabiwi kwa kuwa madhara yake ni ya sukari. Tangu Mei 2010 mataifa wanachama wa shirika hilo yaliidhinisha mapendekezo ya kupunguza matangazo ya vyakula vya aina hiyo yanayowalenga watoto. Ukitazama vikaragosi na zawadi za plastiki zinazoambatana na milo ya watoto, utajua ni kwa kiasi gani mapendekezo hayo yamesikilizwa.

Mnunuzi afanye nini? Kwa mlo wa jiji, aulize uzani na bei kabla ya kulipa, wala asione haya. Risiti asiitupe, na picha ya bango pamoja na ya sahani, zilizopigwa kwa simu siku hiyo hiyo, ni ushahidi anaoweza kuuwasilisha kwa meneja na hata kwa Mamlaka ya Ushindani. Meneja wengi hupendelea kuongeza kipande cha kuku kuliko kubishana mbele ya foleni. Kwa mlo wa kibanda, atazame rangi ya mafuta kabla ya kutazama rangi ya vibanzi, na aombe vya sufuria badala ya vile vilivyoshinda chini ya balbu tangu asubuhi.

Mpwa wangu, ambaye sasa ana ndevu, bado hula vibanzi. Jioni akitoka kazini hupitia kibanda kile kile cha sokoni. Gunia la viazi huwa limeegemezwa mlangoni, na muuzaji huwa ameketi kwenye kigoda akimenya, mgongo wake ukimwelekea yule kuku wa ukutani ambaye mvua ya miaka miwili mitatu imekwisha kumfuta bawa moja.